Zamu ya Kudeki Selo: Kwa Nini Wafungwa Wengine Huchukia Kazi

Ukiuliza mtaani kuhusu wafungwa na kazi, utapata majibu mawili. Wapo wanaosema wafungwa ni wavivu, wangependa kazi wasingeiba. Wengine watakwambia kazi ya jela ni mateso matupu, mtu akishatoka huko hataki hata kuona jembe. Sisi tunaoshughulika na urekebishaji wa wafungwa tunaona jambo jingine. Jinsi kazi inavyogawanywa gerezani ndiyo inayomfanya mtu aipende au aichukie, na hilo huanzia kwenye vikazi vya selo, kabla mfungwa hajafika shambani wala karakana.

Tazama asubuhi ya kawaida. Mlango unafunguliwa, watu wanachuchumaa kwa mistari wahesabiwe. Mahali ambapo hakuna choo ndani ya selo, ndoo zilizotumika usiku kucha zinapaswa kutolewa, kumwagwa na kuoshwa. Mablanketi yakunjwe, sakafu ifagiliwe na kudekiwa, mapipa ya maji yajazwe. Jikoni wenzao wameshaamka zamani, maana uji wa mamia ya watu si wa kuchemsha dakika kumi. Kazi hizi hazina hadhi sawa. Jikoni kunagombewa, kwa kuwa kuna joto na anayepakua hakosi ukoko. Ndoo haina mwenyewe.

Sasa ndoo anabeba nani? Selo ikiwa na zamu inayoheshimiwa, jina la kila mtu likafika siku yake, awe aliiba kuku au alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi, manung'uniko hupungua na kazi ya usafi hukamilika upesi. Zamu ikivurugwa, ndoo humwangukia mgeni aliyeingia jana, kijana mdogo, maskini asiyetembelewa na ndugu, au mgonjwa wa akili asiyejua kujitetea. Mwenye watu wa kumletea vitu hununua zamu yake kwa kipande cha sabuni au sigara mbili. Miezi ikipita, huyu aliyenunua amezoea kuamini kwamba kazi ni ya wanyonge. Aliyeuza naye amezoea kuiona kazi kama alama ya unyonge wake. Ukimkuta huyu wa pili anategea shambani, kumwita mvivu ni kukosea dawa. Mwulize kwanza amebeba ndoo za watu wangapi.

Hapa ndipo anapoingia nyapara. Kuwa na kiongozi wa selo anayekumbusha zamu si vibaya, na gereza lenye askari wachache haliwezi kwenda bila wafungwa kujisimamia katika mambo madogo. Ila kuna mpaka. Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za chini za Umoja wa Mataifa kuhusu matunzo ya wafungwa, zilizopitishwa mara ya kwanza 1955 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2015, zinakataza katika Kanuni ya 40 mfungwa kupewa madaraka ya kuadhibu wenzake. Nyapara akiwa na uwezo wa kumpa mtu ndoo wiki nzima kwa sababu hakumpa chumvi, hapo zamu imekufa.

Kosa jingine, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu zaidi, ni kufanya usafi kuwa adhabu. Mtu amejibu vibaya, adeki ukumbi. Wawili wamepigana, wakafyeke. Adhabu inatolewa haraka na uwanja unang'aa, lakini kesho yake mtu yule yule akiambiwa ni zamu yake ya kudeki, anasikia anaadhibiwa bila kosa. Makosa yana taratibu zake za nidhamu, yasichanganywe na ufagio.

Fikra ya kazi kama kipigo ina historia ndefu. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na magereza ambamo mfungwa aliwekwa chumbani na mpini wa chuma uliounganishwa na sanduku, akatakiwa auzungushe maelfu ya mara kwa siku. Mpini ule haukusaga nafaka wala kuvuta maji. Ulikuwa wa kumchosha tu. Sheria ya 1898 iliufuta, lakini maneno "kifungo na kazi ngumu" yalishasafiri na ukoloni hadi kwetu Tanzania, na bado tunayasema.

Kazi yenye matunda humbadilisha mtu kwa namna nyingine. Shirika la Magereza, SHIMA, linalosimamia uzalishaji mali magerezani, lipo tangu 1974, na wengi wetu tumekalia samani za gereza la Keko, Dar es Salaam, au kuvaa viatu vya gereza la Karanga, Moshi, bila kufikiria mikono iliyovitengeneza. Mfungwa anayeshona soli akaona kiatu kimesimama, au anayelima mahindi gereza la Songwe akaona yanavunwa, ana kitu cha kuonyesha. Kanuni za Mandela zinataka kazi iongeze uwezo wa mfungwa kujipatia riziki halali akitoka, apumzike angalau siku moja kwa wiki, alipwe malipo ya haki, na sehemu ya malipo hayo iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kuachiwa. Zinakataza pia mfungwa kufanyishwa kazi kwa faida binafsi ya mtumishi wa gereza. Katiba yetu, Ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti lakini haiihesabu kuwa hivyo kazi inayotokana na hukumu ya mahakama. Ruhusa hiyo ni ya kazi ya umma iliyo chini ya sheria, haimpi mtu yeyote kibali cha kulimiwa shamba lake.

Kwa mahabusu ni tofauti. Huyu hajahukumiwa. Kanuni ya 116 ya Mandela inasema apewe nafasi ya kufanya kazi akitaka, asilazimishwe, na akifanya alipwe. Kuweka safi mahali anapolala ni wajibu wake kama wenzake, lakini kupelekwa shambani kwa nguvu si haki.

Ndugu walio nje wanahusika kuliko wanavyodhani. Siku ya kumtembelea mtu wenu, maswali huwa yale yale: unakula, unaumwa, kesi imefikia wapi. Ongezeni la kazi. Amepangwa wapi, anajifunza ufundi gani, zamu yake selo ni lini, na je, anaifanya mwenyewe? Mkiona sabuni mnazopeleka zinaisha haraka kuliko mtu mmoja anavyoweza kuoga, mwulizeni bila ukali zinakokwenda. Huenda zinamlipa kijana asiye na wa kumtembelea abebe ndoo. Huenda pia ni mtu wenu anayezitoa ili asiongezewe zamu, na hilo mtamweleza mkuu wa gereza au afisa ustawi kabla ya kuondoka pale siku hiyo hiyo.