Jina la uongo kwenye kadi ya kliniki

Kuna mstari kwenye rejista yetu ya wajawazito siusahau. Jina, umri miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 30, kijiji, namba ya simu. Cha kweli pale ni zile wiki 30 tu maana nilizipima kwa mikono yangu mwenyewe. Binti alikuja na bibi yake saa nane mchana, muda ambao watu wameshapungua, kajifunga khanga mbili lakini chini naona soksi nyeupe na viatu vyeusi vya shule. Kaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza mwanangu unasoma? Bibi akadakia, hasomi huyu nesi, aliacha zamani.

Sikubishana nao. Nikampima presha, nikampa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, na chandarua. Siku hiyo vipimo vya haraka vya kaswende vilikuwa vimetuishia kwahiyo damu ikapelekwa maabara ya wilaya, majibu yakarudi baada ya siku nne: anayo kaswende. Sasa kaswende kwa mjamzito ni sindano ya penisilini tu, inamtibu mama na inamkinga mtoto tumboni, ukichelewa mtoto anaweza kufia tumboni au akazaliwa anaumwa. Nikapiga simu, namba haipo. Nikamtuma mhudumu wa afya wa jamii mpaka kijijini, mtu wa jina hilo hayupo wala hajawahi kuwepo. Hakurudi tena.

Mimi ni muuguzi mkunga, naingia mwaka wa 14 kazini, vituo vya vijijini huku huku Tanzania bara. Naandika hii kwa sababu watu wakisikia sheria za afya ya uzazi wanawaza bunge na mahakama, ila mimi sheria naziona pale mezani kwangu, kwenye yale maswali ninayouliza na majibu ninayodanganywa.

Yule binti hakudanganya kwa ukorofi. Alikuwa anapiga hesabu. Kanuni za elimu za 2002 zilikuwa zinaruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na mimba ikawa inahesabiwa humo humo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, ukimpa mimba mwanafunzi au ukimuoa ni miaka 30 jela. Mwaka 2017 Rais Magufuli akasema pale Chalinze kwamba aliyepata mimba harudi shule ya serikali. Halafu Novemba 2021 serikali ya Rais Samia, kupitia Waziri Ndalichako, ikatangaza kwamba sasa wanaweza kurudi baada ya kujifungua, waraka ukatoka. Yaani ndani ya miaka mitano binti wa kijijini kapigwa na habari tatu tofauti, na ile iliyomfikia vizuri mpaka jikoni kwa bibi yake ni ile ya kutisha. Ya waraka wengine hawajaisikia mpaka leo, nawauliza mwenyewe kliniki na naona macho yao yanavyoshtuka.

Kuhusu hiyo miaka 30 naomba mnielewe vizuri. Mtu mzima anayemrubuni mtoto wa shule sina huruma naye hata kidogo, afungwe. Lakini fomu yetu ina sehemu ya kuandika baba wa mtoto, na binti anajua akitaja jina pale kuna mtu atakwenda ndani, na mara nyingine huyo mtu ni kijana mwanafunzi mwenzake, mara nyingine ni ndugu anayelipa ada ya nyumba nzima. Kwahiyo familia zinamalizana huko huko, mtoto anafichwa ndani au anahamishiwa kwa shangazi mkoa mwingine, na sisi tunakuja kumuona miezi saba au nane, au tunamuona kabisa siku ya uchungu akiwa na kifafa cha mimba. Na hawa sio wachache, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 wameshawahi kushika mimba.

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi kwa sababu ni chetu sisi watumishi. Barua ya mwenyekiti. Mama akija kliniki mara ya kwanza anaambiwa aje na mwenza wapime wote VVU, nia nzuri kabisa, ila asiye na mwenza anarudishwa akalete barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Sijawahi kuona kifungu cha sheria kinachosema mjamzito asihudumiwe bila hiyo barua. Ni mazoea tu. Hebu fikiria binti wa miaka 16 anakwenda nyumbani kwa mwenyekiti, kuna watu wamekaa kwenye benchi wanasubiri, anasimama mbele yao kueleza kwanini hana mwanaume wa kuja naye. Kufika jioni kijiji chote kinajua.

Na la shuleni nilisema sitaliandika lakini naliandika. Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa kwenye shule moja kupima mimba wasichana. Foleni, kila mmoja na kikopo chake cha mkojo, hakuna aliyeulizwa kama anataka. Majibu nilimpa mwalimu, akayaandika kwenye daftari lake, msichana mwenye mistari miwili kwenye kipimo akajua habari za mwili wake mwenyewe kwa kuona sura ya mwalimu. Hakuna aliyemuuliza kama alibakwa. Hakuna aliyempa rufaa ya kliniki, hata mimi, na hilo najutia mpaka kesho. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ipige marufuku vipimo vya lazima vya mimba, mashuleni na kwenye vituo vya afya. Nilivyosoma nikakumbuka vile vikopo.

Sheria nzuri pia zipo, tatizo hatuzitumii. Tangu 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ruhusa ya mzazi, zamani ilikuwa 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kazi Mei 2023, na taarifa za afya humo zimewekwa kwenye zile nyeti. Ile rejista tunayoiacha wazi mezani na kila anayepita anasoma, ile picha ya kadi ya mgonjwa mnayorushiana kwenye grupu la WhatsApp mkiomba ushauri huku jina linaonekana, wenzangu acheni, sasa hivi ni suala la sheria.

Na anayetokwa damu baada ya mimba kuharibika, iwe yenyewe au vinginevyo, aletwe. Najua Kanuni ya Adhabu ina kifungo cha hadi miaka saba kwa mwanamke aliyetoa mimba, ndio maana wanajifungia ndani mpaka wanazimia. Lakini kumtibu ni kazi yetu halali, na polisi sio idara ya hospitali.

Mimi siku hizi nimebadili mpangilio wa meza. Jina nauliza mwisho. Kwanza namkalisha binti peke yake, bibi anasubiri nje, namwambia nani ataiona hii kadi na nani hataiona, namwambia kuhusu kurudi shule, nampima, ndio naandika. Wengi wananitajia jina la kweli bila hata kusukumwa, mmoja mwezi uliopita alianza na la uongo akanishika mkono, "dada nesi futa hilo".

Kama una binti mwenye mimba nyumbani mlete kabla ya wiki 12, barua usihangaike nayo, na ukirudishwa mlangoni omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo.