Dohani ya nne ya Titanic

Wengi wetu tulipoichora Titanic utotoni tulijaza moshi mweusi juu ya dohani zake zote nne, na hata leo wachoraji wakubwa hulirudia kosa hilo. Ukweli ni kwamba moshi wa boila zake 29 (mitambo ya kuchemshia maji ili kupata mvuke wa kuiendesha meli) ulitokea katika dohani tatu za mbele tu, ilhali ile ya nyuma ilipitisha hewa ya vyumba vya mitambo pamoja na moshi wa majiko, kwa hiyo wanaoiita pambo tupu nao wamepotoka kidogo. Meli za Lusitania na Mauretania, zilizoitangulia, zilizihitaji zote nne kwa boila. Dohani bandia hasa ilikuwa ya tatu ya Normandie, meli ya Ufaransa ya mwaka 1935, na ndani ya dohani hiyo walitunzwa mbwa wa abiria.