Mwanamke akinyanyua vyuma hageuki mwanaume

Ile meseji ya mdada wa Urusi mwenye misuli imerudi tena kwenye magrupu, eti vyuma vilimgeuza dume na hazai tena. Jamani sio kweli. Misuli ya vile mara nyingi ni ya watunisha misuli, mchezo mwingine kabisa, huku kwenye kunyanyua vyuma wanahesabu kilo ulizopandisha juu ya kichwa na mnashindana kwa madaraja ya uzito wa mwili, Sydney 2000 wanawake walipoanza Olimpiki daraja la chini lilikuwa kilo 48, kadada kembamba tu, na wapo waliozaa wakarudi kushindana. Tafuta matokeo utaona. Watu wanachanganya mambo kwa sababu baadhi ya Warusi wa mchezo huu walinyang'anywa medali za Olimpiki 2008 na 2012 kwa dawa za kuongeza nguvu, na homoni za kiume kwenye dawa za aina hiyo ndo zinakoroga sauti na hedhi, sio chuma. Ikikufikia usiifowadi, kuna binti ataacha mazoezi kwa uoga.