Waya wa kamera ya Super 8 sio waya wa maiki: maelezo kwa wote wanaotuletea filamu hapa Mwanza

Ndugu wadau, tangu tuanze zoezi la kupokea kamera na filamu za zamani za familia na parokia za kanda ya ziwa, na kuwaazima vijana vifaa ili nao wapige, lalamiko linalokuja dirishani ni lile lile, sauti haikai na picha. Mtu kapiga filamu ya ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma, pale Bujora, sauti karekodi pembeni na rekoda ya kisasa, tunaiskani filamu tunaunganisha, mwanzo safi kabisa, ikifika dakika ya pili mpiga ngoma anashusha mkono, mkono unagusa ngozi, mlio unakuja baadae. Basi anaona ofisi ndio imemharibia. Hapana jamani. Hilo limetokea uwanjani.

Katriji moja (kasha la filamu) ya Super 8, ile filamu ndogo ya milimita 8, ni futi 50, yaani picha 3600, ukipiga picha 24 kwa sekunde unapata dakika 2 na nusu. Ila hiyo 24 iliyoandikwa ubavuni mwa kamera ni kasi ya makadirio, betri zikichoka mota inashuka hadi 23.5 hivi na wewe huwezi kuona kwa macho, huku rekoda ya kidijitali inaenda na kasi yake haibadiliki, kwa hiyo mwisho wa katriji picha na sauti zimeshaachana kama sekunde 3. Kwenye hotuba unaweza kuvumilia. Kwenye ngoma huwezi.

Dawa yake ni waya, na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu tumesema sana na bado watu wanarudi na stori ile ile: waya huu haubebi sauti. Kamera kama Canon 1014XL-S na baadhi ya kamera za Nizo zina katundu kadogo ka duara ka aina ya flashi, ndani yake ni swichi tu, inajifunga mara moja kila picha moja ikipita. Picha 24, swichi inagonga mara 24. Ule mgongo wa swichi, sisi tunauita tiki, tunaurekodi kwenye chaneli ya pili ya rekoda, sauti ya maiki inakaa chaneli ya kwanza, halafu kompyuta inahesabu. Kama rekoda iko kwenye sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde basi kati ya tiki na tiki inatakiwa iwe sampuli 2000, zikizidi tunajua kamera ilichelewa wapi na tunairekebisha sauti hapo hapo. Bila zile tiki tunabahatisha.

Sasa ile swichi haina umeme wake yenyewe. Inahitaji kisanduku kidogo chenye betri ya volti 1.5 na resista, tunavyo, tunaazima pamoja na waya. Usichomeke moja kwa moja kwenye XLR, tundu la maiki la rekoda, huku umewasha volti 48 za maiki, na usithubutu kuchomeka flashi ya zamani kwenye tundu hilo, nyingine zinatoa zaidi ya volti 200 na zitaunguza kiswichi ambacho spea yake huipati Mwanza wala Dar.

Kuhusu matundu mengine. La milimita 2.5 mara nyingi ni la rimoti, la kuwasha kamera ukiwa mbali, sio la spika ya sikio, ukichomeka jeki isiyo yake kamera inaweza kuanza kukimbia na filamu ikaisha begini. La milimita 3.5 lenye alama ya maiki lipo kwenye kamera za sauti, lakini lilitengenezwa kwa katriji zenye utepe wa sumaku, zilizoanza 1973 na Kodak wakaacha kuzitoa 1997. Katriji mpya unayoagiza leo haina utepe huo. Unaweza kuchomeka maiki ya gharama yoyote, hakuna kitakachorekodiwa, na kuja kutugombeza hakusaidii.

Kabla hujatoka na waya upime. Weka kamera kwenye picha moja moja bila filamu, chomeka waya, shika mita ya mshale, bonyeza mara moja: mshale uruke mara moja. Mita za kidijitali za bei poa saa ingine zinachelewa, usizitegemee. Mshale ukiruka mara 4 basi kamera yako ni ya aina inayofunga mara 4 kwa kila picha, sio mbovu, iandike kwenye fomu. Mshale usiporuka kabisa angalia pini, hewa ya ziwani inaleta kutu ya kijani haraka sana, safisha kwa spiriti ya aisopropili na pamba kidogo, sio petroli.

Mafundi wa Makoroboi wanalehemu vizuri na hatuna neno nao, mradi waya uwe wenye kinga, wa kati uende kwenye ncha ya jeki na kinga iende kwenye shina. Ila marufuku kukata plagi ya waya wetu ili kuunga nyingine. Ukiuchukua unajaza fomu nakala mbili, moja inabaki kwako, unaleta barua ya mtendaji wa mtaa, namba ya NIDA na amana. Plagi iliyokatwa au pini iliyopinda, amana hairudi, na hutaazimwa tena mpaka waya ulipwe wote. Nakala ya fomu ikipotea toa taarifa kabla ya siku ya kurudisha, baada ya hapo hatuna namna. Pia kibali cha kupiga filamu kinatafutwa kabla, sio baada, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 haijali kamera yako ni kubwa au ndogo.

Ambaye kamera yake haina tundu la tiki apige kofi moja mbele ya lenzi mwanzo wa katriji na lingine mwisho, rekoda ikiendelea bila kukatishwa. Haitoshi kwa ngoma ila inasaidia. Na ukija dirishani njoo na kamera yenyewe, sio picha yake kwenye simu, kwenye picha tundu la 2.5 na la 3.5 yanafanana.