Utajuaje kama pikapu ya zamani ilitoka kiwandani ikiwa ya mzigo mzito

Wiki iliyopita mama mmoja anayenunua vitunguu Kapchorwa na kuviuza sokoni Mbale, huku mashariki mwa Uganda, aliniletea gereji pikapu aliyokuwa anataka kuinunua. Hilux LN106 ya singo kebini, rangi imepigwa upya, na muuzaji amesimama pembeni yake.

"Fundi, chungulia tu hapo chini," muuzaji akasema. "Majani saba kila upande. Hii ni ya tani moja na nusu, kutoka Japani."

Nikalala chini na tochi. Majani ya springi, yale mabamba ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine, yalikuwepo saba kweli. Lakini manne ya juu yalikuwa na kutu ya rangi moja, kutu ya miaka, na matatu ya chini yalikuwa meusi, kingo zake bado zina alama za mkato wa grainda. U-bolti, zile zinazoifunga springi kwenye ekseli, zilikuwa mpya na ndefu, nyuzi zake zikining'inia chini ya sahani karibu urefu wa kidole. Zile klipu zinazoyashika majani yasitawanyike zilikuwa zimechomelewa kwa weldi badala ya kupigwa rivet. Nikatoka chini nikijua kwamba springi zile zilizaliwa mara mbili: mara ya kwanza kiwandani, mara ya pili kwa fundi kama mimi.

Naandika haya kwa sababu swali la yule mama, kama gari lilitoka kiwandani likiwa la mzigo mzito, hunijia karibu kila wiki, na wengi hulijibu kwa kuhesabu majani peke yake. Kiwanda kikitengeneza pikapu ya mzigo mzito hakibadilishi kitu kimoja. Kinabadilisha springi, ekseli ya nyuma, breki, ringi na tairi, na wakati mwingine unene wa chesisi, vyote kwa pamoja, kisha kinaandika uzito mpya kwenye kibati cha maelezo ya gari. Fundi wa mtaani hubadilisha springi tu. Kwa hiyo unapoitazama pikapu kuukuu, unatafuta kama vitu hivyo vyote vinasema neno moja.

Mimi huanza na karatasi, kama ipo. Magari mengi yetu ya zamani yalikuja yametumika Japani, na gari likitoka kule hupewa cheti cha kusafirishwa nje. Watu hukitumia bandarini tu, kisha kinalala kwenye bahasha pamoja na risiti za ushuru, ilhali ndani yake mna kila kitu: uzito wa gari likiwa tupu, uzito wa juu kabisa wa mzigo, uzito wa jumla, hata uzito unaokaa juu ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Hesabu yake ni rahisi kuikagua, kwa kuwa Wajapani humhesabu kila mtu kuwa kilo 55. Tuseme gari tupu lina kilo 1,320, mzigo ni kilo 1,000, na viti ni 3. Watu watatu ni kilo 165. Jumla ni kilo 2,485. Ukiona hesabu haifungi, uliza kwa nini, maana kuna vyeti vilivyochezewa.

Cheti kikiwa kimepotea, nenda nyuma ya gari. Sheria ya Japani hulazimisha gari la mizigo kuonyesha uzito wa juu wa mzigo wake kwa nyuma, ndiyo maana pikapu na vilori vidogo vingi hapa Mbale bado vina maandishi ya Kijapani kwenye bodi, yakifuatwa na namba na herufi kg. Huhitaji kusoma Kijapani. Ile namba ndiyo jibu. Nimewahi kuona 1000kg kwenye singo kebini na 500kg kwenye dabo kebini iliyosimama pembeni yake, na wenye magari hayo wote wawili wakiamini wana gari la tani moja. Dabo kebini imebeba tayari mlango wa pili, viti na watu, na boksi lake limesukumwa nyuma, kwa hiyo mzigo mwingi unakaa juu ya ekseli au nyuma yake. Ukiijaza kupita kiasi, chesisi hupinda nyuma ya kebini. Simama mbali kidogo, tazama ule mwanya kati ya kebini na boksi: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, chesisi imeshaumia.

Hilux ya yule mama ilikuwa imepigwa rangi juu ya stika ya maandishi hayo. Nikapitisha kiganja juu ya bodi nikahisi kingo zake, lakini namba haikusomeka.

Basi tukafungua boneti. Kwenye Toyota za zamani kibati kipo kwenye ukuta kati ya injini na kebini. Hapo kuna msimbo wa modeli, yaani herufi na namba zinazoitambulisha. LN maana yake injini ya familia ya L ndani ya Hilux. KUN ni Hilux ya injini za KD, na GUN ni za GD. Herufi zinazofuata kistari hueleza bodi, giaboksi na daraja la gari. Chini kidogo kuna namba za giaboksi na ekseli, na hizo za ekseli huonyesha difu ilitoka na uwiano gani wa gia. Wauzaji wazuri wa spea pale Kisekka, Kampala, huupokea msimbo mzima pamoja na namba ya chesisi, wakaangalia kwenye orodha ya spea na kukuambia springi iliyofungwa kiwandani ni ipi na ina majani mangapi. Simu moja tu. Namshangaa anayelipa mamilioni ya shilingi kwa gari bila kupiga simu hiyo.

Gari lililotengenezwa Afrika Kusini husomeka kirahisi zaidi. Namba ya chesisi ya Toyota ya kule huanza na AHT, na kibati chake kina GVM, yaani uzito wa juu wa gari pamoja na kila kilichomo: dizeli, dereva, utingo, mzigo, hata tairi la akiba. Wengi huisoma GVM wakadhani ni mzigo. Toa kwanza uzito wa gari tupu, halafu toa watu, ndipo upate mzigo. Na uzito wa gari tupu usiuchukue kwa kukisia. Lipeleke kwenye mizani likiwa na zile fito za chuma, bampa na turubai lililofungiwa hapa kwetu. Kila kilo uliyoichomelea juu ya boksi imetolewa kwenye magunia yako.

Sasa springi zenyewe. Idadi ya majani hudanganya kwa sababu ugumu wa jani hautegemei idadi tu bali unene, na unene huongeza ugumu kwa kasi kubwa: namba ya unene ijizidishe yenyewe mara tatu. Chukua majani 3 ya milimita 10, yenye upana na urefu uleule. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000, mara tatu ni 3,000. Chukua majani 5 ya milimita 7. Saba mara saba mara saba ni 343, mara tano ni 1,715. Matatu yameyashinda matano, na si kidogo. Ndiyo maana natembea na kipimo cha vernia mfukoni. Halafu natazama jani la mwisho chini. Springi nyingi za mzigo mzito zina jani nene, karibu limenyooka, lisiloguswa gari likiwa tupu. Linaanza kufanya kazi mzigo ukishashusha boksi. Jani hilo likiwepo, na kutu yake ikafanana na ya wenzake, napata matumaini.

Watu huniuliza pia kuhusu stadi za magurudumu, zile bolti zinazofungwa nati kulishika gurudumu, hasa waliosikia habari za magari ya Marekani. Ni kweli kwa kule. Ford F-150 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ya kawaida ilikuwa na stadi 5, lakini ile iliyoitwa 7700, jina lililotokana na uzito wake wa jumla wa ratili 7,700, karibu kilo 3,490, ilitoka na stadi 7. Kuanzia modeli ya 2004 za kawaida zikawa na 6, na zenye kifurushi cha mzigo mzito zikabaki na 7 hadi 2014. Kuanzia 2015 alama hiyo ikaondoka. Kwa F-150 ya miaka ile unaweza kusimama ng'ambo ya barabara ukahesabu nati ukajua. Lakini usiuchukue ujuzi huo ukauleta kwa Land Cruiser. Pikapu yake ya modeli ya 75 ilikuwa na stadi 6. Ilipokuja 79 mwaka 1999 zikawa 5, na hakuna mtu Uganda atakayekuambia 79 ni gari dhaifu.

Kwenye 79 tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Utaona haabu, yaani kitovu cha gurudumu, imechomoza nje ya ringi, na duara la bolti limeizunguka. Hapo haabu imekaa juu ya beringi mbili zilizopanda kwenye bomba la ekseli, na bomba ndilo linalobeba uzito. Shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Unaweza kuichomoa gurudumu likiwa bado limesimama chini. Hilux haiko hivyo. Kwake shafti inazungusha na inabeba, na ikikatika karibu na beringi gurudumu linaweza kuondoka nayo. Springi hata ukiifunga majani kumi, shafti ni ileile.

Tairi ni rahisi, nalo hupuuzwa. Soma ubavuni. Tairi la mzigo kama 195R14C lina 106/104: 106 ni kilo 950 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900 kwa tairi linalokaa mawili mawili. Mawili ya nyuma yanabeba kilo 1,900, yakiwa na upepo wa presha 65. Ukifunga tairi za gari dogo zenye 96, kila moja ni kilo 710, mawili ni 1,420. Ikiwa nyuma ya gari tupu pana kilo 600, mzigo unaobaki kwa ekseli ile umeshuka kutoka 1,300 hadi 820. Pikapu ya yule mama ilikuwa na tairi za aina hiyo ya pili, zinang'aa kwa mafuta.

Nimeacha breki mwisho kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi. Kwenye Hilux za zamani kuna kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Mzigo ukiishusha chesisi, kifimbo kinaisukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nguvu inapunguzwa ili nyuma isifunge ikateleza. Sasa ongeza majani matatu. Chesisi imeinuka, na haishuki hata ukipakia. Vali inaamini gari ni tupu siku zote. Unateremka na magunia, na karibu kazi yote inabaki kwa breki za mbele.

Nilipokuwa bado kijana, chini ya bosi mwingine, niliongeza majani manne kwenye pikapu ya mbeba viazi. Kifimbo sikukigusa, sikujua kazi yake. Siku ya tatu alikuwa akiteremka kutoka Kapchorwa, akapita Sipi, na kabla hajafika tambarare pedali ikaenda chini kama imekanyaga sifongo. Akaliingiza gari kwenye ukingo wa mlima ili lisimame. Alivunjika mguu. Nilipolifungua gari lile, diski za mbele zilikuwa za bluu kwa moto, na dramu za nyuma zilikuwa hazina hata alama ya joto. Nilimwendea hospitali nikamwambia kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo sifungi jani la ziada bila kuipima presha ya nyuma na kuirekebisha vali.

Kuna wanaokifunga kifimbo kwa waya kikiwa juu, ili breki za nyuma zipate nguvu yote wakati wote. Hilo nalo ni hatari: siku ya mvua, gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hufunga na mkia unakupita.

Kwenye LN106 ya yule mama kifimbo hakikuwepo kabisa. Tundu lake kwenye ekseli lilikuwa limejaa tope kavu. Nikampigia muuzaji wa spea Kisekka, nikamsomea kibati, akarudi baada ya robo saa: springi ya kiwandani ni ya majani manne, yaleyale yenye kutu moja.

"Kwa hiyo si ya tani moja na nusu," mama akasema, akimtazama muuzaji.

"Haijawahi kuwa, mama. Chesisi yake imenyooka na injini ni nzima. Ukinunua, nunua kwa bei ya gari la majani manne."

Walibishana chini ya mwembe karibu saa nzima, na bei ikashuka. Jumamosi analileta. Majani matatu tunayatoa, tairi za mzigo anazinunua yeye, kifimbo nimeshakipata, na kabla hajapanda Kapchorwa tutapitia kwenye mizani tujue ni magunia mangapi.