Udenguzi si kuharibu sura

Wiki iliyopita, kwenye ufunguzi wa maonyesho ya picha, nilimsikia mtu akisema mbele ya uso uliochorwa bila mdomo, "Hapa msanii amefanya udenguzi." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia hivyo, na uso ule ulikuwa umefutwa tu.

Kwa kifupi, kudengua umbo la mtu ni kulichora kwa namna inayoweka wazi limeundwa na nini, na nani kaliunda. Basi.

Tabu iko kwenye neno lenyewe, udenguzi. Waliosoma uhakiki wa fasihi wanalihusisha na Jacques Derrida, mwanafalsafa mzaliwa wa Algeria, aliyelipa nguvu katika vitabu vyake vya mwaka 1967. Alikuwa akitafuta jinsi ya kulitia katika Kifaransa neno la mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger, Destruktion. Neno la Kifaransa lililofanana nalo alilikwepa, maana lilinuka ubomoaji. Akafungua kamusi ya Littré, akakuta déconstruire, ndiko kudengua kwetu: kufungua mashine ili isafirishwe mahali pengine. Kufungua, jamani, si kuvunja! Msusi anayefumua nywele hajaharibu kichwa cha mtu. Msuko ukiwa mzima unaona mkia mmoja mrefu unaong'aa. Ukifumuliwa ndipo unajua nywele za mwenyewe zinaishia wapi na rasta ilianzia wapi.

Ndicho anachofanya msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Kati ya mwaka 2004 na 2006 alitengeneza kolaji 12, yaani picha za vipande vilivyobandikwa, juu ya karatasi za michoro ya zamani ya kitabibu, ile ya maradhi ya kizazi cha mwanamke. Juu yake akabandika midomo, macho na viungo vilivyokatwa magazetini, akatia manyoya na unga wa kumetameta. Kwa mbali ni uso unaokukazia macho. Sogea: shavu ni mchoro wa daktari, mdomo umetoka kwa mpiga picha wa mitindo, na maungio yote yako wazi. Unaona jinsi mwanamke Mwafrika alivyoundwa na macho ya watu wengine, kipande kwa kipande, na kila kipande kina mwenyewe.

Sasa mweke kando yake mchoraji Francis Bacon, na zile picha tatu alizomchora rafiki na mchoraji mwenzake Lucian Freud mwaka 1969. Uso umepindwa, nyama imeburutwa kwa brashi. Ni kazi kubwa, naipenda sana. Lakini kwangu mimi ule ni upotoshaji wa sura: Bacon anamsogeza Freud karibu nasi, wala yeye hatuonyeshi sisi Freud ameundwa na nini.

Kwa hiyo ndugu yangu wa maonyesho hakukosea kuguswa na uso usio na mdomo. Angesema tu kwamba umefutwa, kisha auulize kwa nini.