Usiweke simenti kwenye viungo vya matofali ya zamani

Katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo ni kati ya majengo makongwe ya Lubumbashi. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka huohuo Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea ya Bruges, Ubelgiji, wakafika na kiongozi wao, Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza misheni hii hadi kufa kwake mwaka 1958. Kanisa lenyewe la matofali mekundu ni la miaka ya 1920 hivi.

Matofali ya enzi hiyo yalichomwa hapahapa Katanga, mara nyingi kwa udongo wa kichuguu. Ni laini, yanakunywa maji ya mvua, na yakinywa lazima yapumue. Njia yao ya kupumulia ni kiungo cha chokaa, yaani ule mstari unaoshikanisha tofali na tofali. Fundi akikijaza simenti, maji yanalazimika kutokea kwenye uso wa tofali. Chumvi inabaki pale kama unga mweupe, uso unabanduka, na baada ya misimu michache simenti inasimama peke yake huku tofali limeliwa nyuma. Moshi wa salfa wa kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba cha mjini nao uligeuza chokaa kuwa jasi, madini laini.

Anzia juu: mifereji ya paa iliyoziba huharibu kuta kuliko uzee. Kisha kwangua kiungo kwa msumari. Kikivunjika vidoleni, ni chokaa au udongo. Toa kilichooza kwa patasi nyembamba na nyundo, si mashine ya kukatia, maana hiyo hukwaruza kingo za tofali. Kiungo cha sentimita 1 kichimbwe sentimita 2 hadi 2.5.

Mchanganyiko ni chokaa sehemu 1, mchanga ulioshwa wenye chembe kali sehemu 3. Mawe ya chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, yanajulikana. Chokaa mbichi, yaani iliyotoka tanuruni bila kuguswa na maji, izimwe kwa kukaa majini wiki kadhaa, na wewe uitie ndani ya maji, kamwe usiimwagie maji: inachemka na kuruka machoni.

Lowesha ukuta kuanzia juu, shindilia kwa tabaka za sentimita 1, kisha ufunike kwa magunia yaliyolowa kwa siku saba. Mimi napendelea Aprili na Mei. Juni upepo mkavu hukausha chokaa kabla haijashika, na Desemba mvua huiosha.

Jaribu kwanza mita moja upande usioonekana. Chokaa ikikauka hupauka, kwa hiyo rangi ichaguliwe kwa mchanga, usihukumu ikiwa bado na maji.